Viwavijeshi wa Afrika: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu nondo wake, maeneo anakopatikana na mimea wanayokula

Ukurasa huu unahusu viwavi wa nondo anayeitwa kitaalamu Spodoptera exempta. Ndio viwavijeshi ambao wazee wamewajua tangu zamani, wanaoingia kwenye nyasi na nafaka kwa wingi mwanzoni mwa mvua. Kuna mwingine aliyekuja juzijuzi kutoka Amerika, viwavijeshi vamizi. Huyo ana swali lake hapo chini, maana watu wengi huwachanganya na kupoteza dawa bure.

Kiwavijeshi na nondo ni wadudu wawili au mmoja?

Ni mmoja. Nondo jike hutaga mayai, mayai huangua viwavi, viwavi hula majani hadi wakakomaa, kisha hujizika ardhini na kugeuka pupa, na pupa hutoa nondo. Anayeharibu mazao ni kiwavi peke yake. Nondo hana meno ya kutafuna jani: hunywa maji na utomvu mtamu wa maua, basi. Mabawa yake yakitandazwa yana upana wa kama milimita 30. Ya mbele ni ya kahawia iliyofifia, yenye alama mojawapo inayofanana na figo. Ya nyuma ni meupe na mishipa yake inaonekana kwa rangi ya kahawia.

Aliyempa jina hilo la kitaalamu ni Francis Walker wa Uingereza, mwaka 1856.

Anapatikana nchi gani?

Makao yake makuu ni Afrika kusini mwa Sahara, hasa upande wa mashariki na kusini: Tanzania, Kenya, Uganda, Ethiopia, Somalia, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Msumbiji hadi Afrika Kusini. Ng'ambo ya bahari yuko Yemen, Asia ya Kusini-Mashariki, Australia na visiwa vya Hawaii. Huko Hawaii jina lake la kienyeji limetokana na ndago, kwa sababu walimzoea akila ndago. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini tunasisitiza kukagua magugu kabla ya mahindi.

Wakati wa kiangazi hatoweki. Hubaki wachache wachache, hapa mmoja pale mmoja, mahali penye unyevu wa kudumu: ukanda wa pwani na nyanda za juu ambako nyasi hazikauki. Mvua za kwanza zikinyesha bara, nondo husafiri na upepo kwenda huko.

Mbona hutokea ghafla, jana hapakuwa na kitu?

Hili ndilo swali linaloulizwa kuliko yote, na jibu lake ndilo litakalokuokolea shamba: jana walikuwapo, ila walikuwa wadogo na wa kijani.

Mambo hujipanga hivi. Nondo huruka usiku, na upepo unaweza kuwachukua mamia ya kilomita kwa usiku kadhaa mfululizo. Penye wingu la mvua, pepo hukutana kutoka pande mbalimbali na kuwakusanya nondo waliokuwa wametawanyika, kama takataka zinavyokusanyika kwenye kona ya uwanja upepo unapozunguka. Mvua huwashusha. Hapo wanapata maji ya kunywa, na jike huyahitaji maji hayo ili mayai yake yakomae. Wanapandana, wanataga, na baada ya siku chache mayai yanaangua juu ya majani machanga yaliyochipua kwa mvua hiyohiyo.

Ndiyo maana mlipuko mkubwa mara nyingi hufuata ukame. Ardhi imekaa tupu, maadui wa viwavi wamepungua, mvua inanyesha kwa vipande badala ya kutapakaa, na nyasi changa zinachipua sehemu chache tu. Nondo wote wanajazana hapo. Mvua ikiwa ya mfululizo na mawingu mazito, mambo hugeuka: viwavi wadogo huzolewa na maji na magonjwa huwashika.

Milipuko ya kwanza ya msimu huonekana hasa katikati na kaskazini-mashariki mwa Tanzania na mashariki mwa Kenya, kati ya Novemba na Januari. Nondo wanaotoka hapo hufuata ukanda ambamo pepo za kaskazini na za kusini hukutana. Ukanda huo unapohama, nao huhama. Baadaye katika msimu huweza kufika Ethiopia. Mwaka 2022, kwa mfano, Kenya, Uganda na Ethiopia zote zilivamiwa.

Kutoka yai hadi nondo ni siku ngapi?

Mayai: siku 2 hadi 5. Jike huyataga kwa mafungu, mara nyingi chini ya jani, na kuyafunika kwa vinyweleo vyeusi vya mkiani mwake, hivyo fungu huonekana kama kipande cha manyoya kilichogandia jani. Katika maisha yake anaweza kutaga mayai mia kadhaa, hata kukaribia 1,000.

Kiwavi: wiki 2 hadi 3, kutegemea joto. Hupita hatua 6, na kila hatua hujivua gamba. Katika hatua 3 za kwanza ni mdogo, wa kijani, na hakwangui zaidi ya upande mmoja wa jani, akiacha utando mwembamba unaopitisha mwanga kama karatasi yenye mafuta. Sehemu kubwa kabisa ya chakula cha maisha yake huliwa katika hatua 2 za mwisho. Viwavi wawili wa hatua ya mwisho wanatosha kumaliza mche wa mahindi wa siku 10.

Pupa: siku 7 hadi 12, sentimita 2 hadi 5 chini ya udongo. Nondo: wiki moja hadi mbili.

Sasa hesabu. Mvua imenyesha leo, nondo wametaga kesho. Ongeza siku 3 za mayai, kisha wiki moja hivi ambayo viwavi ni wadogo na madhara yao hayaonekani ukiwa umesimama barabarani. Maana yake kati ya siku ya 4 na ya 11 baada ya mvua ndio muda wako wa kuwapata. Ukisubiri hadi shamba lionekane jeusi, umebakiza siku 5 au 6 za ulafi, na hapo kila siku moja inagharimu.

Wanakula mimea gani hasa?

Nyasi na jamaa zake. Hiyo ndiyo kanuni, na karibu kila kitu kinafuata hapo.

Katika mazao: mahindi, mtama, uwele, ulezi, mpunga, ngano, shayiri, miwa michanga, na tefu kule Ethiopia. Mmea mchanga ndio huumia zaidi. Mahindi yaliyokwisha kutoa mbelewele hubaki na madhara madogo, maana majani yake ni magumu.

Katika malisho na magugu: ukoka, nyasi ya kikuyu, mabingobingo machanga, nyasi nyingi za mwituni na ndago. Mara nyingi nondo hutaga kwenye ukoka wa kando ya barabara au malisho ya pamoja, viwavi hukulia huko bila mtu kujua, na ukoka ukiisha ndipo huandamana kuingia shambani. Mkulima huona "jeshi" likitoka kwa jirani, kumbe mlipuko ulikuwa na wiki mbili tayari.

Wasichokula: maharage, kunde, karanga, mihogo, viazi vitamu, pamba, alizeti, kahawa. Katika shamba la mchanganyiko utaona mahindi yameisha na maharage yamesimama katikati bila tundu. Ukikuta viwavi wanatafuna majani mapana, karibu kila mara ni mdudu mwingine. Usinunue dawa kabla hujamjua ni nani.

Kwa nini mwaka mwingine ni wa kijani na mwaka mwingine ni weusi?

Ni mdudu yuleyule. Akikulia peke yake hubaki wa kijani au kahawia, mpole, anajificha chini kwenye shina la nyasi. Wakiwa wengi na kugusana tangu wadogo, wanabadilika: mgongo unakuwa mweusi kama makaa, ubavuni kuna mistari myembamba ya njano, tumbo lina kijani cha njano, na kichwa kinang'aa. Weusi huo unawasaidia kufyonza joto la jua, hivyo hukua haraka, hutembea mchana kweupe na kula juu ya mmea bila kujificha. Tena hustahimili ugonjwa wa virusi kuliko wale wa kijani.

Kwa hiyo rangi nyeusi inakuambia wako wengi. Ukiona watano weusi mbele yako, piga magoti ufungue nyasi. Wako wengine mamia.

Nitawatofautishaje na viwavijeshi vamizi?

Viwavijeshi vamizi (Spodoptera frugiperda) waligunduliwa barani Afrika mwaka 2016, na mwaka 2017 walikuwa wamefika Tanzania na Kenya. Wengi wameambiwa waangalie alama ya Y iliyopinduliwa kichwani. Alama hiyo peke yake haitoshi, kwa sababu kiwavijeshi wa Afrika naye ana mstari wa namna hiyo usoni. Angalia mkiani: kwenye pingili ya pili kutoka mwisho, vamizi ana madoa 4 meusi yaliyopangwa pembe nne kama dadu.

Kisha angalia tabia. Vamizi huingia kwenye moyo wa mhindi na kujaza humo kinyesi kama unga wa mbao; hupatikana mmoja au wawili kwa mche, na msimu mzima, hata kwenye bustani ya umwagiliaji wakati wa kiangazi. Wa Afrika hukaa nje juu ya majani, wote wa umri mmoja, wakitembea kwa kundi, na ndani ya wiki tatu wameondoka. Tofauti hii ina maana kwenye bomba: kwa vamizi unalenga dawa kwenye moyo wa kila mche, kwa wa Afrika unafunika majani yote pamoja na nyasi za kingoni.

Shamba likaguliwe vipi?

Anza siku ya 4 baada ya mvua kubwa ya kwanza, kisha kila baada ya siku 2, asubuhi kabla jua halijawa kali.

Anzia nje. Pita kwenye ukoka na ndago za kingoni, chuchumaa, tenganisha nyasi kwa mikono na tazama chini. Kisha ingia shambani kwa kupinda kushoto na kulia, usifuate mstari mmoja. Simama mahali 10, na kila mahali tazama miche 10 na upande wa chini wa majani. Tafuta vitu vitatu: mafungu ya mayai yenye manyoya, majani yaliyokwanguliwa na kubaki utando, na viwavi wadogo wanaoning'inia kwa uzi ukitikisa jani. Viwavi wa siku 2 au 3 wana urefu wa milimita chache tu. Mtu asiyeona vizuri kwa karibu aende na kijana.

Kwenye malisho, fanya pembe nne ya mita 1 kwa mita 1 kwa vijiti, itupe mahali kadhaa na hesabu waliomo. Mlipuko mkubwa unaweza kufikisha viwavi zaidi ya 1,000 katika mita moja ya mraba.

Mtego wa nondo unafanyaje kazi, na kwa nini wakati mwingine hudanganya?

Ni chombo cha plastiki chenye faneli, ndani kimetundikwa kidonge chenye harufu ya nondo jike. Madume hufuata harufu, huingia na hawatoki. Tundika kwenye nguzo, urefu wa mita 1.5 hadi 2, mahali peupe mbali na taa na miti mikubwa. Hesabu kila asubuhi, andika, toa waliokufa.

Katika utabiri wa ngazi ya kijiji ulioanzia wilaya ya Kilosa, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, mtego ulienda pamoja na kipimo cha mvua. Nondo 30 au zaidi kwa wiki, pamoja na mvua ya milimita 5 au zaidi, ilikuwa ishara ya kutangaza tahadhari kijijini. Nondo wengi bila mvua kwa kawaida hupita tu. Wenye jukumu la utabiri wa kitaifa Tanzania wako Tengeru, Arusha; takwimu za kijiji hupitia kwa afisa ugani, na kila mtego unaohesabiwa kwa uaminifu unawasaidia wakulima walio mbele kwenye njia ya upepo.

Mtego hudanganya hivi: kidonge kimepita wiki 4 bila kubadilishwa, kwa hiyo unasoma sifuri wakati nondo wamejaa, sisimizi wamepanda nguzo na kula nondo (paka grisi kwenye nguzo), au wameingia nondo wa aina nyingine na wote wakahesabiwa. Peleka mfano kwa afisa ugani mara ya kwanza akuoneshe wa kweli.

Nipulize dawa gani, na lini?

Wapulizie wakiwa wadogo, chini ya sentimita 1 na nusu. Wakati mzuri ni jioni kuanzia saa 10 na nusu, au alfajiri. Mchana wa jua kali dawa huvukiza.

Kuhusu aina, chagua iliyosajiliwa kwa viwavijeshi: Tanzania usajili uko chini ya TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), Kenya chini ya PCPB (bodi ya kudhibiti dawa za wadudu). Soma namba ya usajili kwenye lebo, na soma pia siku za kusubiri kabla ya kuvuna au kulisha mifugo.

Kosa kubwa tunaloliona ni kipimo cha kubahatisha kwa kifuniko cha chupa. Pima bomba lako kwanza kwa maji matupu. Chukua eneo la mita 10 kwa 10, pulizia kwa mwendo wako wa kawaida, kisha pima maji yaliyotumika. Tuseme ni lita 2. Ekari moja ina takriban maeneo 40 kama hayo, basi utahitaji lita 80, yaani mabomba 4 ya lita 20. Kama lebo inasema mililita 200 kwa ekari (huu ni mfano tu), kila bomba litapata mililita 50. Mwenzako anayetembea taratibu atatumia mabomba 6 kwa ekari hiyohiyo, na kipimo chake kwa bomba kitakuwa mililita 33. Wewe wa mabomba 4 ukiiga hizo mililita 33, utakuwa umepuliza theluthi mbili tu ya kipimo, na hapo ndipo mtu husema dawa ni feki.

Makosa mengine: kutumia maji ya tope, ambayo hudhoofisha dawa nyingi, kupuliza mvua ikikaribia, kupuliza mahindi na kuacha ukoka wa kingoni wanakotoka. Na lile linaloumiza zaidi, kununua dawa ya kupuliza viwavi waliokomaa, wanene, walioanza kupunguza kula na kushuka chini. Hao wanajizika kesho, na fedha yako inazikwa nao.

Vaa glavu, buti, shati la mikono mirefu na barakoa. Usioshee bomba mtoni wala kisimani.

Kuna njia bila dawa ya dukani?

Ziko, kwa eneo dogo na kwa viwavi wadogo. Mbegu za mwarobaini: ondoa maganda, saga, tumia gramu 50 kwa lita moja ya maji (kilo 1 kwa bomba la lita 20), loweka usiku kucha, chuja kwa kitambaa, ongeza sabuni kidogo, pulizia jioni. Jua huiharibu ndani ya siku chache, na kwa viwavi wakubwa haifui dafu.

Wakiwa wanaandamana kutoka malisho ya jirani, chimba mtaro kwenye kingo, kina cha sentimita 30, ukuta wa upande wa shamba uwe wima kabisa na laini. Wakidondoka humo, waponde au wafukie. Mtaro wenye ukuta ulioinama ni daraja tu. Kuku, korongo na ndege wengine huwala kwa bidii, lakini usiachie kuku kwenye eneo lililopulizwa.

Kuna pia ugonjwa wa virusi wa asili wa mdudu huyu. Utaona viwavi wamepanda juu ya jani, wakafa wakining'inia, ngozi imelegea na ndani ni maji ya kahawia. Virusi hivyo havidhuru watu wala mifugo, na watafiti wameshavijaribu kama dawa ya kupuliza kaskazini mwa Tanzania. Udhaifu wake ni kwamba huchukua siku kadhaa kuua. Ukiwakuta wengi wamekufa hivyo, acha kupuliza, kazi inafanyika.

Wanawasha?

Hapana. Jina "kiwavi" huwatisha watu kwa sababu ya wale wenye manyoya yanayowasha. Kiwavijeshi ana ngozi laini isiyo na manyoya, unaweza kumshika kwa mkono.

Wametoweka usiku mmoja. Je, wamekufa?

Wameingia ardhini. Kwa kuwa ni wa umri mmoja, hushuka wote karibu siku moja. Fukua udongo laini chini ya mche kwa kijiko, sentimita 2 hadi 5, utaona pupa wa kahawia nyekundu wanaong'aa, mkia ukitikisika ukiwashika. Kama udongo ni mgumu, tafuta chini ya mabonge na mawe. Toa taarifa kwa afisa ugani siku hiyohiyo na utaje tarehe, kwani baada ya siku 7 hadi 12 nondo wataruka. Wengi wao hawatagi palepale walipozaliwa. Wataenda na upepo kwa wakulima wengine.

Mahindi yameliwa hadi shina. Ning'oe nipande upya?

Subiri siku 4 au 5 kwanza. Mhindi wenye majani yasiyozidi matano bado una kichipukizi chake chini ya usawa wa udongo, na viwavijeshi hula kilicho juu. Ng'oa miche michache sehemu mbalimbali, ipasue kwa kisu kwa urefu kuanzia kwenye mizizi. Ukikuta kitone cheupe kilicho kigumu, mche utachipua. Ukikuta kahawia, laini na chenye harufu, umekufa. Hesabu katika miche 20: kama zaidi ya nusu imekufa na mvua bado ipo, panda upya kwa mbegu ya muda mfupi. Mtama na uwele hutoa machipukizi ya pembeni, hivyo huvumilia zaidi.

Ng'ombe wanaweza kulishwa pale walipopita?

Kuna taarifa za ng'ombe kufa baada ya kulishwa malisho yaliyoliwa sana na viwavijeshi, hasa ya ukoka. Ukoka uliojeruhiwa na unaochipua upya unaweza kuwa na sumu ya sayanaidi. Waweke nje hadi nyasi zikue tena vizuri, na mara ya kwanza wasiingie wakiwa na njaa: wape majani makavu asubuhi, wachunge muda mfupi, na mtu abaki nao. Ng'ombe anayehema kwa shida, anayetetemeka au kutoa povu atolewe hapo mara moja na daktari wa mifugo aitwe. Kama malisho yalipulizwa dawa, ongeza siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye lebo.